Anza na Taa Inayokesha

Shangazi yangu anaishi Kilwa Kivinje, katika nyumba ya vyumba viwili na ukumbi, si mbali na ufuko. Mwaka jana alinipigia simu kulalamika kwamba LUKU inammaliza. Alikuwa amenunua umeme wa Sh 10,000, na siku ya tisa mita ikaanza kulia. "Mwanangu, hii mita mbovu," aliniambia. "Nyumba yenyewe ina taa, friji na redio tu. Huo umeme unakwenda wapi?"

Nilipofika, baada ya shikamoo na chai ya tangawizi, nilimwomba tukae barazani mbele ya mita yake. Jua lilikuwa limeshazama. Tukazima taa zote, tukachomoa friji na redio, tukaacha taa moja tu: globu ya wati 100 iliyoning'inia nje juu ya mlango. Hiyo huiwasha magharibi na kuizima alfajiri, kwa ajili ya usalama. Kwenye uso wa mita kuna kitaa chekundu kinachopepesa kadiri umeme unavyotumika. Shangazi alikuwa na tasbihi mkononi, nikamwomba avute punje moja kila kitaa kinapopepesa. Dakika kumi zilipotimia alikuwa amevuta punje 17.

Nikazima swichi, nikasubiri globu ipoe, nikaitoa na kuweka taa ya LED ya wati 12. Tukahesabu tena dakika kumi. Safari hii alivuta punje mbili. Akautazama mlango, akaitazama mita, kisha akasema polepole, "Kumbe mwizi nilimtundika mwenyewe."

Ushauri wangu kwako, ndugu msomaji, umo katika jambo hilo moja. Ukitaka kubadili taa za nyumba yako, usianze na ile ya sebuleni inayoonwa na wageni, wala usijibane kununua taa zote kwa siku moja. Anza na taa inayokesha. Nyingine zitafuata kwa zamu, na fedha ya kuzinunulia itatoka kwenye hiyo ya kwanza.

Hesabu ya uniti

Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja. Globu ya wati 100 ikiwaka saa 10, imekula uniti moja kamili. Kwa hiyo gharama ya taa ina pande mbili: wati zake na saa inazowaka. Watu wengi hutazama wati wakasahau saa.

Mita ya shangazi imeandikwa 1,000 imp/kWh. Maana yake ni kwamba kitaa kikipepesa mara 1,000, uniti moja imekwisha. Globu ya wati 100 hukipepesha kila baada ya sekunde 36, na LED ya wati 12 kila baada ya dakika tano. Mita nyingine zimeandikwa 1,600 au 3,200, hivyo soma yako kwanza. Jaribio hili halihitaji fundi wala kifaa. Linahitaji saa ya simu na subira.

Usiku ule tuliandika taa zote za nyumba kwenye karatasi, wati zake na saa zinazowaka, tukapata hesabu hii kwa mwezi wa siku 30:

- Taa ya nje, globu ya wati 100, saa 12 kila usiku: uniti 36.
- Ukumbini, wati 60, saa 5: uniti 9.
- Vyumba viwili vya kulala, wati 60 kila kimoja, saa 2: uniti 7.2.
- Jikoni, wati 60, saa 3: uniti 5.4.
- Chooni, wati 40, saa 1: uniti 1.2.

Jumla ni uniti 58.8 kwa taa peke yake. Kwa friji lake dogo tulikadiria uniti 35. Hapo mwezi unafika karibu uniti 94, yaani uniti tatu na kitu kwa siku. Umeme wa Sh 10,000 ulimpa uniti 28. Gawanya mwenyewe uone kama mita ilikuwa na kosa kulia siku ya tisa.

Kisha tukaandika hesabu ya pili, kila globu ikiwa imebadilishwa: nje LED ya wati 12, ukumbini na jikoni wati 9, vyumbani wati 7, chooni wati 5. Saa za kuwaka hatukuzipunguza hata moja. Jumla ya taa zote ikashuka hadi uniti 7.5 kwa mwezi. Akiba ni uniti 51, na katika hizo, karibu 32 zinatoka kwenye taa moja ya nje.

Sasa tazama zamu ya kubadilisha inavyojipanga yenyewe. Tuseme taa moja nzuri ya LED inauzwa Sh 5,000, na unalipa Sh 356 kwa uniti kama alivyokuwa analipa shangazi. Taa ya nje inarudisha fedha yake kwa wiki mbili. Ya chumbani inarudisha kwa miezi minne au mitano. Ya chooni inachukua zaidi ya mwaka. Mtu aliyeanza na choo atasema LED ni maneno matupu, na aliyeanza na taa ya nje atakuwa na fedha ya kununua ya pili kabla mwezi haujaisha.

Mstari wa uniti 75

Kuna jambo wateja wengi wa TANESCO hawalijui, nalo lina fedha ndani yake. Bei ya umeme wa majumbani ina madaraja, na hupangwa na EWURA, mdhibiti wa nishati. Mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1, inafika Sh 122. Akivuka 75, kila uniti ya ziada hutozwa Sh 350 kabla ya kodi. Mteja wa matumizi ya kawaida hulipa Sh 292 tangu uniti ya kwanza, ambayo pamoja na kodi na tozo ni Sh 356.

Kwa nyumba ndogo za Kivinje, Masoko, Nangurukuru, Mchinga au Lindi mjini, mstari huo wa 75 una uzito mkubwa. Nyumba ya shangazi kwa globu ilikuwa inauvuka kila mwezi. Kwa LED, taa na friji pamoja vinasimama kwenye uniti 43 hivi. Nyumba ni ileile na usiku ni uleule, lakini amehama kutoka upande mmoja wa mstari kwenda mwingine.

Utajuaje uko daraja gani? Chukua ujumbe wa LUKU wa manunuzi yako ya mwisho. Toa kwanza makato yasiyo ya umeme, hasa kodi ya jengo ambayo hukatwa humohumo, kisha gawanya fedha iliyobaki kwa idadi ya uniti ulizopewa. Ikitoka 122, uko daraja la chini, jitahidi ubaki huko. Ikitoka 356, badilisha taa, angalia manunuzi yako kwa miezi kadhaa, na ukiona hufiki 75 nenda ofisi ya TANESCO iliyo karibu nawe ukaombe matumizi yako yapitiwe. Uamuzi ni wao, lakini asiyeuliza hajibiwi. Na kabla hujailaumu mita, soma ujumbe wote. Mara nyingi anayedhani anaibiwa umeme amekatwa kodi ya jengo ya miezi aliyokuwa hanunui.

Kwa nini LED inakula kidogo

Globu ya zamani ni waya mwembamba unaopashwa moto hadi ung'ae. Kati ya umeme inaokula, takriban asilimia 5 tu ndiyo inayotoka kama mwanga. Sehemu iliyobaki ni joto. Ukiishika ikiwa inawaka utaungua, na unalipia umeme huo huku Kilwa ambako joto halijawahi kuadimika.

LED haina waya wa kuungua. Ni kipande kidogo mno cha madini maalumu ambacho umeme ukipita ndani yake hutoa nuru moja kwa moja. Taa nyekundu za namna hiyo zimekuwapo tangu miaka ya 1960, zile unazoziona kwenye redio. Kilichochelewa ni nuru ya bluu, na bila bluu mwanga mweupe haupatikani. Wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ndio waliofungua mlango huo, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Matokeo yake ni kwamba mwanga wa globu ya wati 60 leo unapatikana kwa wati 8 au 9.

Wavuvi wa dagaa walitutangulia katika hili. Wazee wa pwani hii wanakumbuka bahari ya usiku wa giza iliyojaa karabai, mafuta ya taa yakinunuliwa kwa madumu na vitambaa vyake vikipasuka kila upepo ukivuma. Leo wengi hutoka na taa za LED na betri. Mvuvi hesabu zake ni za kila siku. Kinachomla mtaji hukiacha mapema. Sisi wa nchi kavu tumechelewa kwa sababu fedha ya umeme hututoka kidogo kidogo bila kuiona.

Dukani: soma kasha, usisome wati peke yake

Ukienda dukani usiulize, "Ina wati ngapi?" kama tulivyozoea. Wati ni chakula cha taa, na mwanga wake hupimwa kwa lumeni. Shika vipimo vitatu tu: lumeni 450 ni sawa na globu ya wati 40, lumeni 800 ni sawa na globu ya wati 60, na lumeni 1,500 hivi ni sawa na globu ya wati 100. Kasha lisiloandikwa lumeni liache mezani. Jihadhari pia na namba kubwa iliyochapwa mbele ya kasha. Mara nyingi ni wati za globu inayolinganishwa nayo, na wati halisi ziko ubavuni kwa maandishi madogo.

Baada ya lumeni, tazama rangi ya mwanga, inayoandikwa kwa namba na herufi K. Taa ya 2700K au 3000K ina mwanga wa manjano tulivu kama wa chemli. Inafaa vyumbani na barazani. Ya 4000K ni nyeupe ya kawaida, nzuri jikoni na mahali mtoto anaposomea. Ya 6500K ni nyeupe yenye ubluu, na ndiyo iliyojaa madukani kwa sababu inaonekana kali. Mimi siishauri chumbani, maana mwanga wa bluu usiku huchelewesha usingizi. Nje pia mwanga wa manjano una faida: hukusanya wadudu wachache kuliko mweupe, na wakati wa kumbikumbi wa masika utaiona tofauti. Mbu, hata hivyo, hufuata zaidi pumzi na harufu ya mtu kuliko taa, kwa hiyo chandarua hakina mbadala. Na wewe mwenye nyumba au hoteli iliyotazama ufuko, ielekeze taa yako chini na uchague ya manjano. Kasa wachanga wakitoka kwenye mayai huufuata mwanga, na taa kali ya nchi kavu huwapoteza njia ya baharini.

Angalia pia kitako. Nyumba nyingi zina holda za pini, nyingine za kuskrubu. Chukua globu yako ya zamani uende nayo, usirudi mara mbili Nangurukuru kwa kosa la kitako. Tafuta alama ya ubora ya TBS. Tafuta volteji iliyoandikwa kwa upana, kama 100–240V au 85–265V, kwa sababu mahali ambapo umeme hushuka jioni kila nyumba inapowasha vyake, taa yenye upana huo huendelea kuwaka vilevile wakati yenye 220V peke yake inapepesa na kufa mapema.

Mwombe mwenye duka aiwashe mbele yako. Fungua kamera ya simu uielekeze kwenye taa bila kupiga picha. Ukiona mistari myeusi ikipita kwenye kioo, taa hiyo inapepesa kwa kasi ambayo jicho halioni lakini kichwa kinaweza kuisikia. Irudishe. Mwisho ulizia dhamana na utunze risiti. Mimi mwenyewe niliwahi kununua taa nne za bei ya chini kwenye duka moja, na tatu zilikufa kabla ya miezi mitatu. Fedha niliyodhani nimeiokoa ilinirudisha dukani kununua zile ambazo ningezinunua tangu mwanzo. Rahisi ghali, walisema wahenga.

Adui wa pwani ni chumvi na joto

Kasha linaweza kuandika kwamba taa itadumu saa 15,000 au 25,000, na kile kipande kinachotoa nuru kweli kinaweza kufika. Kinachokufa mapema ni kisanduku kidogo kilichomo kwenye shingo ya taa, kinachobadili umeme wa TANESCO kuwa umeme mdogo wa LED. Kisanduku hicho hakipendi joto, hakipendi unyevu, na kwetu sisi wa ufukweni hukutana na vyote viwili pamoja na chumvi.

Baadaye, tulipomwita fundi kufungua holda ya nje kwa shangazi, alinionyesha kitu ambacho kila nyumba ya ufukweni inacho. Zile ncha mbili za shaba zinazogusa taa zilikuwa zimeota kutu ya kijani, laini kama ukungu wa mkate, na moja ilikuwa imeungua ikawa nyeusi. Mguso kama huo hurusha cheche ndogondogo. Globu ya zamani ilikuwa inavumilia, lakini LED haivumilii. Fundi hakuisugua, aliitoa akaweka mpya ya shilingi chache tu. Nakushauri nawe vivyo hivyo: kabla ya kuweka taa ya bei nzuri, zima umeme kwenye swichi kuu, itazame holda, na ikiwa ya kijani au nyeusi ibadilishe kwanza. Kuweka taa mpya kwenye holda iliyooza ni kumvisha bwana harusi kanzu safi kisha kumkalisha kwenye tope.

Kwa taa ya nje chagua yenye kifuniko kilichoandikwa IP65, maana yake imefungwa dhidi ya vumbi na maji ya mvua. Iweke chini ya upenu, mbali na upepo wa kusi unaobeba chumvi. Taa ya kawaida ya ndani usiifungie kwenye bakuli la kioo lisilopumua. Joto halina pa kutokea, na litaiua. Na zipo taa za nje zenye kijicho kinachohisi giza, zinazojiwasha magharibi na kujizima kukipambazuka. Kwa nyumba ambayo taa ya nje husahauliwa ikawaka hadi adhuhuri, bei yake inastahili.

Kuna dalili moja usiipuuze. Ukizima swichi na LED ikabaki na mwanga hafifu kama kimulimuli, huenda swichi ina kitaa chake kidogo cha ndani, na hilo si baya. Lakini ikiwa haina, yawezekana fundi aliyefunga nyaya aliipitishia swichi waya usio wenyewe, na holda yako ina umeme hata ukiwa umezima. Globu ya zamani ilikuwa inaficha kosa hilo. Mtu anayebadilisha taa kwa mkono mtupu akiamini swichi imezimwa anaweza kupigwa shoti. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, na usimruhusu mtoto apande kiti kuchokonoa.

Enejisevu na tyubulaiti

Wengi wetu tulishaachana na globu tukaweka enejisevu, zile taa za mrija uliosokotwa. Zilikuwa hatua nzuri wakati wake, na hakuna haja ya kuzing'oa zikiwa nzima. Ziache zife, kila inayokufa mrithi wake awe LED. Tyubulaiti ya futi nne hula wati 36, na choki yake inaongeza nyingine. LED ya urefu uleule hula takriban 18. Kubadilisha tyubu kunahitaji kuondoa stata na mara nyingi kuipita choki, kwa hiyo ni kazi ya fundi.

Kuachana nazo kuna sababu nyingine zaidi ya umeme. Ndani ya enejisevu na tyubulaiti mna zebaki, kidogo sana, lakini ni sumu. Nchi zilizoridhia Mkataba wa Minamata, Tanzania ikiwamo, zimekubaliana kuziondoa sokoni: enejisevu za kawaida mwisho ulipangwa 2025, na tyubu 2027. Ikivunjika nyumbani, watoe watoto, fungua madirisha kwa robo saa, okota vipande kwa karatasi ngumu bila kufagia, vifunge kwenye chupa au mfuko usiovuja. Usizitupe ufukweni wala kwenye shimo la taka linalochomwa moto, maana moshi utairudisha zebaki puani mwako, na mvua itaipeleka baharini tunakovua.

Umeme ukikatika, na kwa walio mbali na nguzo

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu na mafuriko yakaikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, kila mtu wa ukanda huu alijifunza thamani ya nyumba inayoweza kujimulika yenyewe. Katika zile taa zako mbili za kwanza, moja iwe ya kuchaji: LED yenye betri ndani, inayowaka kama kawaida umeme ukiwapo na kuendelea kwa saa kadhaa ukikatika. Iweke mahali familia inapokusanyika. Kibatari na mshumaa vimeunguza nyumba nyingi za makuti, na moshi wa mafuta ya taa huingia moja kwa moja kifuani mwa mtoto anayesoma karibu nao.

Kwa walioko visiwani na vijijini wasiofikiwa na nguzo, LED ndiyo iliyoufanya umeme wa jua uwe wa mtu wa kawaida. Paneli na betri ambavyo vingewasha globu moja kwa saa chache vinawasha taa nne usiku mzima. Kama mfumo wako ni mdogo, nunua taa za volti 12 zinazotumia umeme wa betri moja kwa moja, usipitishie kwenye inveta, kwa kuwa inveta nayo hula. Taa tatu za wati 5 zikiwaka saa 6 hutumia wati-saa 90. Mpe muuzaji hesabu hiyo ndipo akuchagulie paneli, usimwache akupangie kwa kukisia.

Tusiishie nyumbani

Ukishaona faida kwako, nenda nayo msikitini, madrasa, dukani na kwenye ofisi ya kijiji. Msikiti wenye tyubulaiti kumi zinazowaka tangu magharibi hadi isha, na mwezi wa Ramadhani hadi baada ya tarawehe, unalipiwa umeme na sadaka za waumini. Kamati ikibadilisha tyubu hizo, nusu ya gharama ya taa inabaki kwa kazi nyingine. Dini imetukataza israfu hata katika maji ya udhu, sembuse umeme wa waqfu. Mwenye duka naye ana taa inayokesha, na mwenye nyumba ya kulala wageni anazo kumi kwenye korido. Kote huko hesabu ni ileile: wati, saa, kisha zamu.

Nina sababu nyingine ya kulisema hili kwa uchungu. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 hapa hapa Kilwa, na tangu 2004 imekuwa ikisafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam kuzalisha umeme. Kwa miaka mingi gesi hiyo na ile ya Mnazi Bay kule Mtwara zimebeba sehemu kubwa ya umeme wa nchi. Ni mali inayochomwa mara moja na haioti tena. Kila uniti inayoteketea kupasha joto waya wa globu juu ya mlango uliofungwa, watu wote wamelala, inaweza kuwa sehemu ya mali hiyo.

Usiyoyatarajia kutoka kwa LED

Lazima niseme kweli. Ukimaliza taa, LED haitakupunguzia tena. Pasi ya wati 1,000 ikitumika saa moja imekula sawa na taa ya nje ya LED iliyokesha karibu wiki nzima. Birika la umeme na jiko la umeme ni wakubwa zaidi. Ukiona nyumba yako ina LED kila chumba na LUKU bado inalia, tafuta kwenye joto na baridi: pasi, birika, hita, friji lenye mpira wa mlango uliochoka. Piga pasi nguo zote mara moja kwa wiki, na usiliache friji mlango wazi ukichagua samaki.

Wala usije ukasema, "Hii haili sana, acha iwake." Taa tano za LED zisizo na mtu chini yake ni taa tano zinazowaka bure. Swichi bado ina kazi yake.

Shangazi hakubadilisha taa zote siku ile. Alianza na ya nje. Mwezi uliofuata akabadilisha ya ukumbini, kisha ya jikoni, na zile za vyumbani akazimalizia kwa nafasi yake. Globu ya chooni bado ipo, na sikumhimiza. Saa moja kwa siku si jambo la kulikosea usingizi. Umeme wa Sh 10,000 sasa unampeleka zaidi ya siku 19, kwa bei ileile aliyokuwa akilipa.

Leo usiku, kabla hujalala, toka nje uitazame nyumba yako. Taa itakayokuwa inawaka baada ya wote kulala ndiyo ya kwanza. Kesho soma wati zake, nenda dukani na kitako chake mkononi, ununue moja iliyo bora. Moja inatosha kuanza.